Kabla hujanunua pampu: mwongozo kamili wa kutafuta na kutibu tatizo la pampu ya mafuta kwenye pikapu ya zamani

Pikapu nyingi zinazobeba dagaa, sangara, ndizi na mifuko ya saruji kati ya Mwanza, Magu, Sengerema na Geita zina umri mkubwa kuliko vijana wanaoziendesha. Hilux za kale, Hardbody, Datsun, na hapa na pale Peugeot 504 ambayo bado inapiga kazi. Injini zake ni ngumu, hazifi kirahisi. Kinachozilaza barabarani mara kwa mara ni mafuta kutofika kwenye injini, na likitokea hilo, kitu cha kwanza kutajwa ni pampu. Inanunuliwa nyingine, inafungwa, gari linatembea siku mbili tatu, kisha linazima tena kabla ya kufika Usagara. Hela imekwenda na ugonjwa umebaki.

Ndiyo maana nasisitiza jambo moja katika mwongozo huu wote: pampu iwe mshukiwa wa mwisho. Umeme unaoifikia, ethi yake (waya wa hasi unaofungwa kwenye chesisi), chujio, mfuniko wa tangi na takataka zilizolala chini ya tangi vinaweza kutoa dalili zilezile za pampu mbovu, na karibu vyote vinapimika kwa dakika chache bila kushusha tangi. Fuata mpangilio, usiruke hatua kwa sababu jirani amekuambia la kwake lilikuwa pampu.

Gari lako lina pampu ya aina gani

Usishike spana kabla hujajibu hili, maana vipimo vinatofautiana kabisa.

Petroli yenye kabureta, kama Hilux za injini ya 22R au Datsun 1200, huwa na pampu ya mkono wa chuma iliyofungwa kwenye injini yenyewe. Kamshafti, ule mhimili wa injini unaofungua valvu, ikizunguka inausukuma mkono huo, mkono unavuta diaframu, yaani ule mpira mwembamba wa ndani, na mafuta yanapanda. Haina waya hata mmoja. Presha yake ni ndogo, kama bar 0.2 hadi 0.35, kwa sababu kabureta haihitaji zaidi ya hapo.

Petroli yenye nozeli, ile tunayoiita EFI, kwa mfano 22R-E au 3RZ-FE, ina pampu ya umeme, na mara nyingi imezama ndani ya tangi. Hii inasukuma kwa nguvu: bar 2.5 hadi 3.5 kutegemea injini. Humu ndimo pesa nyingi zinapotea bure, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda mrefu kuliko kwingine.

Dizeli za Hilux kama 2L na 3L hazina pampu ya umeme kwenye tangi. Pampu kubwa ya nozeli iliyo kwenye injini inayavuta mafuta yenyewe kutoka nyuma, na ile pampu ndogo ya kubonyeza kwa mkono juu ya chujio ni ya kutolea hewa tu. Mtu akikuambia pampu ya tangi ya 3L yako imekufa, muulize anaongelea gari gani.

Petroli haisamehi

Fanyia kazi nje, penye upepo, si ndani ya gereji iliyofungwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na unaweza kufika kwenye jiko la mama lishe au cheche za mtu anayechomelea upande wa pili wa uzio. Weka mtungi wa kuzimia moto wa unga karibu na mkono wako, si ndani ya gari. Toa waya wa hasi wa betri kabla ya kufungua mpira wowote wa mafuta, na uurudishe pale tu kipimo kinapohitaji umeme.

Usinyonye petroli kwa mdomo. Najua wengi tumekulia kwenye desturi hiyo, lakini tone likiingia kwenye mapafu linaweza kuleta ugonjwa mbaya wa mapafu. Nunua pampu ndogo ya mkono ya kunyonyea, bei yake haifanani hata kidogo na gharama ya hospitali. Na mtu akimeza, asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali.

Mazoea mengine ya kuacha ni kutundika chupa ya petroli juu ya boneti na kuunga mpira hadi kwenye kabureta ili gari lifike nyumbani. Chupa ikianguka juu ya ekzosti iliyochemka, utazika pikapu na pengine mtu.

Gari linasema nini

Sikiliza dalili kabla ya kugusa chochote. Gari linalopiga stata vizuri lakini haliwaki kabisa ni tofauti na linalowaka kisha likazima baada ya kilomita kadhaa. Linalokohoa ukikanyaga mafuta mlimani lakini tambarare linakwenda vizuri linakuelekeza kwenye wingi wa mafuta: chujio limeziba, kijichujio cha ndani ya tangi kimejaa tope, au pampu imechoka na haiwezi kutimiza mahitaji ya injini inayovuta mzigo.

Dalili moja naipenda kwa sababu tiba yake ni ya bure. Gari linakwenda vizuri, baada ya muda linakosa nguvu na kuzima, ukisubiri kidogo linawaka tena. Likizima namna hiyo, shuka mara moja ufungue mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikifyonzwa kwa sauti kuingia ndani, basi tundu la kupumulia la mfuniko au mpira wa kupumulia wa tangi umeziba. Mafuta yakitoka, hewa haiingii kujaza nafasi, tangi linavuta kinyume na pampu inashindwa. Kwenye barabara za vumbi hili ni la kawaida sana, na kwenye magari yaliyowekewa mfuniko wowote uliopatikana dukani ni la kawaida zaidi. Safisha tundu, au tafuta mfuniko sahihi, na safari imeendelea.

Kama gari linazima ukikunja kona au ukipanda kilima huku geji ikionyesha kuna mafuta, usiiamini geji. Chovya kijiti kisafi cha mti usome kiwango. Sensa za geji kwenye magari haya zimechoka.

Na kabla ya kulaumu mafuta, hakikisha plagi zinatoa moto. Chomoa waya wa plagi moja, weka plagi ya kujaribia, iguse kwenye chuma cha injini mbali na mafuta, mwenzako apige stata. Kama hakuna moto, tatizo ni koili au distribyuta, na utahangaika bure na pampu.

Pampu ya umeme, hatua kwa hatua

Anza na sikio. Mwenzako ageuze ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, wewe weka sikio kwenye mdomo wa tangi. Kwenye Nissan nyingi za EFI utasikia pampu ikivuma sekunde chache kisha inanyamaza. Hapo watu wengi hukosea kuhusu Toyota. Toyota nyingi za EFI za miaka ya themanini na tisini haziwashi pampu kwa kugeuza ufunguo tu. Pampu inapata umeme unapopiga stata, kisha inaendelea injini ikishazunguka. Ukikuta kimya kabla ya stata, bado hujajua lolote. Pampu nzima kabisa zimetupwa kwa kosa hilo.

Toyota wameweka njia ya kuipima: ndani ya boneti kuna kisanduku kidogo cha majaribio chenye mfuniko, na ndani yake matundu yenye herufi. Tafuta +B na FP. Ukiyaunganisha kwa kipande cha waya huku ufunguo umegeuzwa, pampu inapaswa kuvuma mfululizo. Ikivuma hapo lakini haivumi ukipiga stata, pampu iko salama. Tatizo liko kwenye rilei ya pampu (swichi inayowashwa kwa umeme), au kwenye injini zenye mlango wa kupima hewa, swichi iliyomo ndani ya mlango huo.

Isipovuma, nenda kwenye fyuzi. Usiishie kuitazama kwa macho, ichomoe uipime kwa mita, kwa sababu fyuzi ya zamani inaweza kuwa na ufa usioonekana. Ukikuta imeungua, usiongeze ukubwa. Fyuzi ya ampea 15 imewekwa 15 kwa sababu waya wake unabeba hizo, ukiweka 30 utakachounguza ni waya. Badilisha kwa ukubwa uleule, na ikiungua tena ujue kuna waya umechubuka unagusa chesisi, au pampu yenyewe imekamata.

Baada ya fyuzi ni rilei. Njia ya haraka ni kuibadilisha na nyingine inayofanana kabisa kwenye kisanduku kilekile, kama ipo. Ishike kwa kidole wakati mwenzako anapiga stata, utasikia inagonga. Kugonga peke yake si ushahidi kwamba inapitisha umeme, kwa hiyo pima volti upande wa kutokea.

Sasa tufike kwenye kipimo ambacho kama ningechagua kimoja cha kufundisha kila kijana wa gereji Mwanza, ningechagua hiki. Tafuta soketi ya pampu karibu na tangi. Usiichomoe. Penyeza ncha za mita kwa nyuma ya soketi huku imefungwa, na pampu ikiwa imeamrishwa kuzunguka. Betri nzima iliyotulia ina volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka chaji hufikia 13.8 hadi 14.4. Kwenye soketi ya pampu unapaswa kusoma karibu hivyo hivyo, pungufu isizidi volti moja. Ukisoma 9 au 10, pampu inapewa chakula nusu halafu inalaumiwa kwamba haina nguvu.

Sababu ya kupima ikiwa imefungwa ni hii: waya uliooza, uliobaki nyuzi mbili tu, utaonyesha volti 12 safi ukiupima ukiwa wazi, kwa sababu hakuna mzigo unaopita. Mara pampu inapovuta ampea zake nne au sita, volti zinaporomoka. Mafundi wawili wanaweza kupima gari moja na kutoa majibu tofauti, na wote wakawa wamesoma mita sawasawa.

Kisha pima ethi peke yake. Ncha moja ya mita kwenye waya wa ethi wa pampu, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri, pampu ikizunguka. Unataka kusoma karibu na sifuri, chini ya volti 0.2. Ukikuta nusu volti au zaidi, ethi ni mbovu. Huku kwetu jambo hili lina sababu yake. Pikapu inayobeba samaki inadondosha maji ya barafu kupitia mianya ya bodi siku nzima, na yale ya kayabo yana chumvi. Maji hayo yanatua juu ya chesisi, hasa pale waya wa ethi wa tangi ulipofungwa kwa bolti moja. Ukiifungua bolti hiyo unakuta duara la kutu ya kahawia chini ya kichwa cha waya, na shaba yenyewe imegeuka kijani, ukiikunja inakatika kama kijiti kikavu. Kwangua chuma hadi king'ae, funga kichwa kipya cha waya, kaza, kisha paka grisi juu. Pampu nyingi zilizotangazwa kufa zimefufukia kwenye bolti hiyo.

Kama volti na ethi ni nzuri na pampu bado haivumi, gonga chini ya tangi kwa nyundo ya mpira wakati mwenzako anapiga stata. Ikiamka, brashi zake, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimekwisha. Itakufikisha nyumbani, lakini usipange nayo safari ya Geita.

Mwambie fundi wako kwa heshima lakini usiogope: "Fundi, naomba tupime volti kwenye soketi ya pampu kabla hatujashusha tangi." Fundi mzuri hatachukia. Na kitu kimoja ukatae kabisa: kuiunga pampu moja kwa moja kutoka kwenye swichi bila rilei yake. Ule mfumo wa asili umewekwa ili injini ikizima, pampu nayo izime. Gari likipinduka huku pampu imeungwa moja kwa moja na mpira umekatika, pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya watu waliomo.

Pampu inavuma, je, presha ipo?

Kuvuma si kusukuma. Hapa unahitaji geji ya presha ya EFI, ambayo fundi wa nozeli anayo. Punguza presha kwanza: chomoa fyuzi ya pampu, washa injini, iache izime yenyewe, piga stata mara moja au mbili. Kisha toa waya wa hasi, zungushia kitambaa kwenye ungio la chujio, fungua polepole, weka geji kwa kiungo cha njia tatu.

Rudisha umeme, washa gari, chomoa kile kimpira cha hewa kwenye regulata ya presha, kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, na ukizibe kwa kidole. Soma. Kwa injini nyingi za aina hii utapata kati ya bar 2.5 na 3.5, na kitabu cha gari lako kina namba kamili. Rudisha kimpira, na gari likiwa sailensa, yaani injini inazunguka bila kukanyaga mafuta, presha inapaswa kushuka kama nusu bar. Kimpira kikiwa na petroli ndani yake, regulata imepasuka, na utakuwa umeshaona moshi mweusi na ulaji mkubwa wa mafuta.

Presha ikiwa chini, bana kwa muda mfupi sana mpira wa kurudisha mafuta, ule laini tu, kwa koleo lisilo na meno. Presha ikiruka juu, pampu ina nguvu na tatizo ni regulata. Isipopanda, rudi nyuma: badilisha chujio kwanza, kwa kuangalia mshale wa mwelekeo, upime tena. Bado iko chini? Hapo ndipo una haki ya kushusha tangi.

Wingi nao upimwe. Elekeza mpira wa kurudisha mafuta kwenye dumu safi lenye alama za vipimo, zungusha pampu nusu dakika. Ukipata chini ya nusu lita, mafuta hayatoshi injini iliyobeba mzigo, hata kama presha ya sailensa inapendeza.

Gari linalochelewa kuwaka asubuhi tu, kisha siku nzima linawaka kwa kugusa, mara nyingi linapoteza presha usiku. Zima injini uangalie geji. Ikiporomoka mara moja, bana mpira wa kurudisha: ikitulia, ni regulata. Bana wa kupeleka: ikitulia, ni valvu ya ndani ya pampu inayozuia mafuta yasirudi. Isipotulia kote, kuna nozeli inavuja.

Kushusha tangi na kufunga pampu

Fanya kazi hii tangi likiwa na mafuta kidogo. Nyonya yaliyobaki kwa pampu ya mkono, weka kwenye dumu la chuma au la mafuta lenye mfuniko, lipeleke mbali. Kumbuka tangi tupu lina hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke. Kama lina tundu linalohitaji kuchomelewa, lipeleke kwa anayejua kulitoa mvuke, usimruhusu mtu alisogelee na moto kwa sababu amelisuuza kwa sabuni.

Kabla hujafungua sahani ya pampu, osha juu yake. Udongo uliokaa miaka mingi ukiangukia ndani, umeharibu kazi kabla hujaianza. Piga picha kwa simu jinsi waya na mipira ilivyokaa, kisha weka simu mbali.

Ukishaitoa pampu, tazama vitu vitatu kabla ya kuihukumu. Kwanza kijichujio cha chini, kile chenye umbo la soksi: kikiwa cheusi na kigumu, au kimefunikwa tope jekundu la kutu, hicho ndicho kilichokuwa kinaikaba. Pili, vichwa vya waya vinavyopita kwenye sahani: plastiki iliyoyeyuka na pini ya kahawia maana yake hapo ndipo volti zilipokuwa zinapotea. Tatu, na hili linasahaulika kabisa, kampira kafupi kanakounganisha pampu na bomba la sahani. Kakipasuka, pampu inavuma vizuri na mafuta yanarudi humohumo ndani ya tangi. Presha haipandi, na pampu haina kosa lolote.

Kampira hako hakibadilishwi kwa mpira wowote wa mafuta. Mpira wa kawaida umetengenezwa kuvumilia petroli kwa ndani, ukizamishwa unalainika na kupasuka baada ya muda. Tafuta wenye alama SAE J30R10, ambao ni wa kuzama. Klipu ziwe za kubana mzunguko mzima.

Pampu mpya ifungwe na kijichujio kipya, oringi mpya (mpira wa duara wa kuzuia uvujaji) na chujio jipya la nje. Angalia alama za chanya na hasi: ukizigeuza, mota itazunguka kinyume na hutapata presha. Usiijaribu ikiwa kavu mezani, hata kwa sekunde, inategemea mafuta kulainika na kupoa. Suuza tangi kwa petroli kidogo safi hadi inayotoka iwe haina chembe. Tangi lenye kutu ya ndani inayobanduka libadilishwe au litibiwe, vinginevyo pampu mpya itakula tope lilelile.

Dukani, pima kwa mkono. Pampu za kopi ni nyepesi, maandishi yake yanafutika kwa kucha. Nenda na ile ya zamani ulinganishe urefu, kipenyo na mdomo. Mimi huona pampu ya mtumba iliyotoka kwenye gari la aina hiyohiyo na kupimwa presha mbele yako ina nafuu kuliko mpya isiyojulikana.

Ya kabureta

Hii ni rahisi na haina siri nyingi. Toa waya wa koili ili plagi zisiwake, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, mwenzako apige stata. Mafuta yaje kwa mapigo yenye nguvu. Yakidondoka kwa uvivu, angalia kwanza mpira wa upande wa kuvuta. Ufa usioonekana hapo hautoi tone la petroli nje, unavuta hewa ndani, na pampu inaonekana dhaifu.

Tazama kitundu kidogo chini ya mwili wa pampu. Kikitoa petroli, diaframu imetoboka. Vuta pia kijiti cha oili: ikinuka petroli na kiwango kimepanda bila wewe kuongeza, petroli inaingia kwenye oili. Usiendelee kuendesha. Badilisha pampu, mwaga oili yote, weka mpya, maana oili iliyochanganyika na petroli inaua beringi.

Wakati wa kufunga, zungusha injini hadi mkono wa pampu ukae upande ambao kamshafti haiusukumi, vinginevyo utaikaza kwa nguvu na kuvunja masikio ya bolti. Gasketi iwe ya unene uleule wa asili, kwa sababu nene zaidi inapunguza urefu wa pigo la mkono.

Gari likizima mchana wa jua kali baada ya kusimama kwenye foleni, kisha likawaka lilipopoa, yaelekea petroli imechemka ndani ya mpira na mvuke umezuia njia. Huku kandokando ya ziwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako vimiminika huchemka kwa joto pungufu kuliko pwani. Funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji, subiri. Tiba ya kudumu ni kuusogeza mpira mbali na ekzosti na kurudisha ile sahani ya kuzuia joto iliyotolewa na fundi aliyepita.

Ya dizeli

Adui wa dizeli ni hewa na maji. Ukiegesha gari kwenye miinuko yetu ya mawe, Mabatini au Igogo, pua ikiwa juu, na asubuhi linapiga stata mpaka betri inalia, mafuta yamerudi kwenye tangi usiku kwa sababu kuna mahali panavuta hewa. Liegeshe usiku mmoja pua ikiwa chini. Likiwaka vizuri, umepata jibu.

Mahali pa kutafuta: oringi za chujio, pampu ya mkono iliyo juu yake, na klipu za mipira. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ya nozeli, washa, tazama mapovu. Kipimo cha kuhitimisha ni kuilisha pampu kutoka kwenye dumu safi la dizeli lililowekwa juu kidogo. Likikimbia vizuri hapo, pampu ya nozeli ni nzima na ubovu uko kati ya tangi na chujio.

Toa maji chini ya chujio kwa kulegeza kifungo chake. Kisha bonyeza pampu ya mkono hadi iwe ngumu, legeza nati za mabomba ya nozeli, piga stata hadi dizeli itoke bila povu, kaza. Usiweke mkono mbele ya nozeli inayopuliza. Presha yake inazidi bar 100, mafuta yanapenya ngozi, na jeraha dogo kama la sindano linaweza kugharimu kidole.

Gari likizima ghafla na kukataa kabisa, sikiliza soleneidi ya kuzimia, ile valvu ya umeme inayokata mafuta, juu ya pampu. Ukigeuza ufunguo inapaswa kugonga tiki. Isipogonga, pima kama volti 12 inaifikia kabla ya kumruhusu mtu kufungua pampu. Ndani ya pampu yenyewe usiingie na bisibisi, hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kupimia pampu na nozeli.

Mafuta unayoweka

Kutembea na mafuta ya elfu kumi kila siku kunaua pampu ya umeme, kwa sababu petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Robo ya tangi iwe ndiyo sifuri yako. Mafuta ya madumu, hasa ya visiwani na vijijini, yapitishe kwenye chujio la kitambaa kizito, na ukishuku maji weka kiasi kwenye chupa angavu dakika kumi: maji yatakaa chini na utauona mstari. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili uchakachuaji usiwe na faida, lakini pua yako bado ni kipimo. Dai risiti, na ukiwa na ushahidi, EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ndiyo yenye mamlaka ya kupokea malalamiko.

Ukimaliza matengenezo, washa gari na upapase kila ungio kwa karatasi kavu kabla ya kuondoka. Pakia mzigo wako wa kawaida, panda kilima kirefu, simama, papasa tena. Baada ya mwezi mmoja badilisha chujio la nje kwa mara ya pili, maana tangi lililosumbuliwa huendelea kutoa uchafu, na lile la zamani likate kwa msumeno wa chuma ulione lilichokamata.